Rusizi: Mto Uliogeuzwa na Volkano

Kusini kidogo ya Bujumbura, pale Mugere, kuna jiwe kubwa lililochongwa majina mawili na tarehe: Livingstone, Stanley, 25-XI-1871. Wasafiri hao walipumzika hapo wakitokea Ujiji kwa mtumbwi. Walikuwa na swali moja: mto Rusizi unaingia Ziwa Tanganyika au unatoka? Kama unatoka, basi huenda ziwa hili ndilo chanzo cha Nile.

Wenyeji walikuwa na jibu zamani. Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, waliambiwa wazi kwamba mto unaingia. Miaka 13 baadaye Livingstone na Stanley walifika mlangoni mwa Rusizi, wakayaona maji yakimiminikia ziwani, na hoja ya Nile ikafa pale pale.

Kumbe hoja yenyewe ilichelewa kwa maelfu ya miaka. Bujumbura haina volkano, lakini imekaa ndani ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa, ambako ganda la dunia linavutwa pande mbili, linakonda na kupasuka. Ganda likikonda, mwamba wenye joto kali ulioko chini hupungukiwa na mkandamizo. Sehemu yake huyeyuka na kupanda kupitia nyufa. Karibu kilomita 200 kaskazini mwa Bujumbura mwamba huo ulioyeyuka ulipata njia, ukajenga safu ya Virunga.

Milima hiyo ililiziba bonde kama kizibo cha chupa. Wanajiolojia wanaeleza kuwa maji ya eneo la Kivu hapo awali yalishuka kaskazini, kuelekea Ziwa Edward na hatimaye Nile. Yalipozuiwa, Ziwa Kivu lilijaa mpaka, yapata miaka 10,000 iliyopita au zaidi, likafurikia kusini kupitia Rusizi. Maji yale yaliyowakatisha tamaa wazungu wawili, basi, yalitoka kwenye bonde ambalo Nile ilinyang'anywa na volkano.

Virunga haijatulia. Lava ya Nyiragongo, mojawapo ya volkano zake, ina silika kidogo, kwa hiyo ni nyepesi na hukimbia kasi mteremkoni. Mwaka 1977 iliua watu vijijini. Januari 2002 ilipita katikati ya mji wa Goma hadi Ziwa Kivu. Mei 2021 ilishuka tena na maelfu wakahama.

Bujumbura hupata sehemu yake ya athari za Virunga kwa njia ya maji. Rusizi huleta sehemu kubwa ya chumvi zilizoyeyuka katika Tanganyika, ziwa linalowapa wavuvi wa mji samaki aina ya ndagala na mukeke. Tena, Kivu iko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na Tanganyika takriban 770. Mto unashuka karibu mita 700, na mitambo iliyojengwa kwenye maporomoko yake huzalisha umeme ambao Burundi hugawana na Rwanda na Kongo. Kwa hiyo atakayeandika historia ya Bujumbura asianzie kwenye boma la Wajerumani, aanzie Virunga.