Rahisi Ghali? Gitaa la Dola 70 Mbele ya Historia

Waswahili husema rahisi ghali. Methali hiyo niliiamini bila swali siku nilipoona, katika duka moja la hapa Lubumbashi, gitaa la umeme likiuzwa dola 70 pamoja na amplifaya yake ndogo. Jina lililoandikwa kichwani mwake sikuwahi kulisikia. Mbao zilikuwa nyepesi, na rangi nene kama ya mlango. Nilimshauri mwenzangu wa chumba asitupe fedha zake. Alilinunua. Likizo ilipofika akaniachia, akasema: "Wewe ni mtu wa historia. Lichunguze kwanza, ndipo uhukumu."

Basi nilianza na swali la kihistoria: magitaa ya bei nafuu yamewahi kufanya nini? Nilidhani jibu litakuwa fupi.

Tuanzie hapa nyumbani. Reli ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Migodi ya shaba ilikusanya wafanyakazi kutoka pande nyingi, wenye lugha mbalimbali, na kwa mishahara yao waliweza kununua baiskeli, santuri na gitaa. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, ambayo sasa ni Likasi. Mwenda alikuwa kijana wa miaka 22 hivi. Kwa kidole gumba na cha shahada alipiga gitaa moja likasikika kama mawili yanayojibizana. Wimbo wake "Masanga" ulitolewa kwenye santuri za Gallotone za Afrika Kusini. Baadaye aliishi Nairobi kwa muda, na wapiga gitaa wa Kenya wakajifunza kwake.

Jina hilo la Gallotone lilikuwa pia kwenye magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa Afrika Kusini. Moja lilifika Liverpool, Uingereza, mikononi mwa kijana aitwaye John Lennon. Ndani yake kulikuwa na karatasi iliyoahidi kwamba halitapasuka. Alikuwa akilipiga mwezi Julai 1957, kwenye sherehe ya kanisa, siku alipokutana na Paul McCartney. Hivyo gitaa la bei ndogo lililotoka barani kwetu lilikuwapo siku Beatles walipoanza kuzaliwa.

Huko Marekani, katika miaka ya 50 na 60, kampuni ya Sears iliuza kwa njia ya katalogi magitaa ya umeme yaliyotengenezwa na Danelectro. Kiunzi chake kilikuwa cha mbao za kawaida, na juu yake kulibandikwa ubao wa nyuzinyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Vinasa sauti vyake vilifungwa ndani ya vibweta vya rangi ya midomo. Leo wanamuziki wanayatafuta kwa sababu ya sauti ile ile. Na upande wa magharibi wa nchi yetu, Franco, aliyeanzisha OK Jazz pamoja na wenzake mwaka 1956, alijifunzia utotoni gitaa alilojitengenezea kwa kopo na nyaya za umeme zilizobanduliwa maganda.

Hapa ilinibidi nijihadhari. Historia hukumbuka waliofaulu. Hatuna majina ya watoto walioacha muziki kwa sababu gitaa bovu liliwaumiza vidole. Tena Lennon na Franco hawakubaki na magitaa yao ya kwanza. Kwa hiyo mifano hii haithibitishi kwamba kitu rahisi ni kizuri. Inathibitisha tu kwamba bei peke yake haitoshi kutoa hukumu.

Jambo la pili la kuzingatia ni namna gitaa la umeme linavyofanya kazi. Gitaa kavu hutegemea tumbo lake la mbao ili lisikike. La umeme hutegemea sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara: uzi wa chuma ukitikisika juu yake, mkondo mdogo wa umeme huzaliwa na kupelekwa kwenye amplifaya. Leo Fender, aliyekuwa fundi wa redio, aliielewa faida ya jambo hilo. Magitaa yake ya mwaka 1950 yalikuwa na mwili wa ubao mzima na shingo iliyofungwa kwa skrubu badala ya gundi, ili yatengenezwe upesi kiwandani na yarekebishike kirahisi. Urahisi wa kutengeneza ulikuwamo tangu mwanzo.

Baada ya hayo ndipo nikalichomeka gitaa la mwenzangu. Lilivuma kama mzinga wa nyuki. Ncha za vyuma vya shingoni zilinikwaruza kiganja, na nyuzi zilikuwa juu mno. Nikakaribia kuandika hukumu yangu. Lakini nilinunua nyuzi mpya kwa dola sita, nikashusha daraja, nikasugua zile ncha kwa tupa ndogo, taratibu, kwa siku mbili. Siku ya tatu lilishika sauti wimbo mzima bila kulegea. Mvumo haukuisha, ila ulipungua. Nilipopiga nyuzi za juu, sauti ilitoka safi, na nikaona aibu kidogo.

Jioni hiyo nililipeleka kwa babu. Ujanani alikuwa akipiga gitaa kavu kwenye harusi za mtaani. Katika miaka ya 90, mishahara iliposimama, aliliuza ili baba yangu amalize shule, na tangu hapo hakushika jingine. Alilitazama la mwenzangu, akaligonga kwa kucha, akacheka: "Ile ni mbao ya sanduku." Kisha akaomba kiti. Vidole vyake vimekakamaa, akakosea mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu gumba likaanza kutembea lenyewe, na baba, aliyekuwa uani, akaingia na kusimama mlangoni bila kusema neno.

Babu alipomaliza alinirudishia akisema: "Iko na sauti, mujukuu."

Methali yetu haijawa uongo. Gitaa hili lilidai dola sita zaidi, tupa na siku mbili za kazi, na asiyejua kulirekebisha angelitupa. Lakini methali inapima fedha za mnunuzi tu. Haipimi gharama ya nyumba iliyokaa miaka thelathini bila gitaa. Mwanahistoria akipima thamani ya kifaa, aulize pia nani angekikosa kama kingekuwa ghali.

Mwenzangu aliporudi nilimkabidhi gitaa lake na kumwomba radhi. Sasa naweka akiba ya dola 70.