Spektroskopia ya Raman ya tando za metali-ogania

Spektroskopia ya Raman ya tando za metali-ogania ni matumizi ya nuru ya leza kuchunguza muundo wa tando nyembamba zilizojengwa kwa ioni za metali na molekuli ogania. Unene wa tando hizo hupimwa kwa nanomita.

Kanuni
Nuru inapogonga molekuli, karibu yote hutawanyika bila kubadilika. Takriban fotoni 1 kati ya milioni 10 hupungukiwa au huongezewa nishati kutokana na mitetemo ya atomu. Badiliko hilo lilitambuliwa na Mhindi C. V. Raman mjini Kolkata mwaka 1928. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1930. Kila muungo wa atomu hutetemeka kwa namna yake, hivyo mistari ya spektra huonyesha ni miungo gani iliyopo.

Mfano wa HKUST-1
HKUST-1 ni kampaundi ya shaba na asidi ya trimesi iliyotangazwa huko Hong Kong mwaka 1999. Ni fuwele yenye vinyweleo vingi vinavyoweza kuhifadhi gesi. Mstari wa karibu 1,000 kwa sentimita hutokana na pete ya kaboni, na ule wa karibu 500 na muungo wa shaba na oksijeni. Maji yakishika shaba, mistari ya chini husogea. Kwa njia hiyo mtafiti hugundua utando ulioingiwa na unyevu, ambao hatimaye unaweza kuuvunja.

Nafasi ya dhahabu
Tando hizi mara nyingi hukuzwa juu ya dhahabu, metali inayochimbwa pia Nyarugusu katika Mkoa wa Geita, Tanzania. Dhahabu haipati kutu, lakini hushikamana na sulfuri. Kwanza hupakwa molekuli zenye sulfuri upande mmoja, kisha huchovywa kwa zamu katika myeyusho wa shaba na ule wa asidi, tabaka juu ya tabaka. Dhahabu yenye uso wa chembe ndogondogo huongeza pia nguvu ya mawimbi ya Raman, hasa kwa leza nyekundu. Dhahabu laini haifanyi hivyo.

Mipaka
Utando mwembamba hutoa mawimbi hafifu, na leza kali huweza kuuunguza. Mpangilio kamili wa fuwele huthibitishwa kwa eksirei.