Kutoka Mlimani hadi Nyakitonto

Wakaazi wa Dar es Salaam wanapotaja Mlimani, aghalabu hawakusudii kilima bali Chuo Kikuu. Huko ndiko, katika miaka ya mwisho ya 1960, chuo hicho kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, tamthilia ya Kiswahili ilikopata wasomi wa kuiandika na wanafunzi wa kuiigiza. Kiingereza kilikuwa lugha ya madarasa. Waliochagua Kiswahili kwa ajili ya jukwaa walichagua pia hadhira: si wasomi wenzao pekee, bali nchi nzima. Linalopasa kuulizwa ni hili: nchi nzima hiyo iliupata mchezo, au ilipata kitabu tu?

Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alitoa *Kinjeketile* mwaka 1969. Kisa chake kinajulikana pwani yote: Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, maji ya Rufiji, na vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Lakini Hussein hakuandika tarihi. Shujaa wake analeta neno linalowaunganisha watu, kisha anaona kwamba neno hilo limekwisha kumponyoka. Yeye ana shaka, nao wana yakini. Akiwa kifungoni anatakiwa aseme kuwa maji ni uwongo, naye anakataa, maana anajua kizazi kijacho kitalipokeaje jambo hilo. Mizani ya mchezo imo katika kukataa huko, na haipatikani kwa kusoma kimyakimya. Yahitaji mtu asimame, anyamaze kidogo, kisha aseme.

Sasa tuitazame Nyakitonto, katika nyanda za juu za Kasulu, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mlimani. Moto wa Maji Maji haukufika Buha. Hata hivyo, nguvu iliyowatoa watu makwao na kuwapeleka kwenye mashamba ya wageni ilijulikana huko vizuri sana. Katika enzi ya Waingereza, Buha ilikuwa mojawapo ya hazina kubwa za vibarua wa mkonge. Wanaume wa Kiha walishuka hadi Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba, kwa kuwa mtu alihesabiwa kwa nambari kabla ya kuitwa kwa jina. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 iliteremsha watu wengi kuliko michezo iliyopandisha. Kijana wa Nyakitonto asomapo jinsi wakulima wa Rufiji walivyoswagwa kwenye pamba ya Mjerumani, haambiwi habari ya mbali. Huenda babu yake alirudi nyumbani na kovu la mkonge.

Lakini kitabu kilipanda mlima kikiwa kimevaa joho la mtihani. *Kinjeketile* ilisomeshwa miaka mingi katika shule za sekondari, na mwanafunzi aliyetoka nyumbani na Kiha, lugha iliyo jirani mno na Kirundi, alikutana na Kiswahili cha Hussein kwa njia ya maswali ya dhamira na wahusika. Faida yake haikanushiki: pasipo mitihani, vitabu hivi vingekwisha zamani. Hasara yake ni kwamba wengi wanaijua tamthilia bila ya kuisikia.

Mlimani wenyewe waliona upungufu huo. Penina Muhando, mzaliwa wa Berega, aliyeandika *Hatia* (1972) na baadaye akajulikana kwa jina la Mlama, hakutosheka na ukumbi. Katika miaka ya 1980, yeye na wenzake wa Chuo Kikuu, Amandina Lihamba miongoni mwao, walikwenda vijijini; Malya, katika Mkoa wa Mwanza, ni mfano mmojawapo. Huko mgeni hakupeleka mchezo uliokwisha kuandikwa. Wanakijiji walizungumza matatizo yao, wakayatungia maigizo na ngoma, wakajadiliana baada ya kuonyesha. Ni kazi ngumu, inayotaka siku nyingi na fedha, na isiyoacha kitabu nyuma yake.

Kati ya njia hizo mbili ipo ya tatu, na yaajabisha kuwa wapenzi wa ushairi huipita. Mwaka 1976 Hussein alitoa *Jogoo Kijijini* na *Ngao ya Jadi* katika juzuu moja. Hizi ni tamthilia za kishairi zilizoumbwa kwa ajili ya msimulizi mmoja, mtambaji, kama bibi atambaye ngano baada ya chakula cha usiku. Katika *Ngao ya Jadi* joka Sesota linauawa, na uovu haukwishi. Hapana pazia wala taa. Hapana kundi la waigizaji la kusafirishwa kwa gari. Panatakiwa sauti moja iliyoyahifadhi maneno, na watu waliokaa chini. Kwa hizo mbili uwanja wa shule ya Nyakitonto watosha, jioni, kabla ya baridi ya mlimani kuwarudisha watu majumbani.