Kigingi na Mbung'o: Mbuzi Wenye Mimba wa Kiyeyi

Kiyeyi, upande wa Tororo, adui wa zamani wa mbuzi mwenye mimba ni mbung'o. Ugonjwa wa nagana anaoueneza humkondesha mnyama, pengine akatupa mimba. EATRO, shirika la Afrika Mashariki lililoutafiti ugonjwa huo, lilikuwa na makao Tororo, hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Aliyetazamwa zaidi ni ng'ombe. Mbuzi alibaki kwenye kigingi chake, asile mtama wa watu.

Na kigingi kina hatari yake. Mimba huchukua siku 150 hivi, na kitoto hukua zaidi wiki sita za mwisho. Mbeba pacha aliyefungwa palipokwisha majani huyeyusha mafuta ya mwili wake, hususa chakula, mwisho hulala asiinuke. Kinga ni kumhamisha kila siku na kumwongezea majani ya viazi vitamu na pumba kiasi.