Ni Huyu, Mama?

Mtoto alitupa pedi mkekani akasema, "Nimeliwa." Hakusema amekufa. Ilikuwa likizo, Tabora mjini, na mashine ya gemu ilikuwa ile ya Kichina ya kuchomeka kwenye televisheni, yenye kaseti moja iliyosheheni gemu za zamani. Aliyemla ni samaki wa Super Mario Bros. 3, gemu ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1988. Katika dunia yake ya tatu kuna kisiwa kinachozama na kuibuka. Samaki huyo huzunguka chini yake, huruka, na akikudaka hukumeza mzima, hata kama umejikusanyia nguvu. Bibi yake, aliyekuwa pembeni akichambua mchele kwenye ungo, akainua macho. "Umeliwa, na bado unaongea?"

Swali la haki kabisa, hasa kwa mtu aliyekulia jirani na Usukuma. Huko, kaskazini mwa Tabora, mmezaji ni Shing'weng'we. Alimeza watu wote na mifugo yao, akasalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Mwanawe, Masala Kulangwa, alipopata akili akauliza watu wamekwenda wapi, akaambiwa. Tangu siku hiyo akawa haishi kurudi nyumbani na mawindo: leo panzi, kesho ndege, keshokutwa paa. Kila mara anauliza kama huyu ndiye Shing'weng'we, na kila mara mama anamjibu kuwa siye.

Ukiifuata njia ya misafara kuelekea mashariki hadi pwani, unalikuta swali lilelile. Edward Steere alichapa mwaka 1870 hadithi alizozikusanya Unguja, na mojawapo ni ya Sultani Majnuni na nunda mla watu. Huko pia kijana anaua mnyama, anambeba hadi kwa mama, na mama anakana. Wanyama wenyewe wanazidi kukua: mbwa, ngawa, punda milia, twiga, kifaru, tembo. Mcheza gemu angezitambua hatua hizo mara moja kuwa ni levo.

Kati ya Unguja na Usukuma ilikuwepo Tabora, kituo kikuu cha Unyanyembe, ambako njia ya kutoka Bagamoyo iligawanyika, moja ikishika Ujiji, nyingine ziwa kubwa la kaskazini. Wapagazi wa Kinyamwezi waliteremka na pembe za ndovu, wakapanda na vitambaa na shanga, na usiku kambini walikuwa na moto na muda. Inavutia kusema hadithi ilipanda au iliteremka nao. Mimi sithubutu. Wasotho wa kusini, ambao msafara wa Tabora haukuwafikia, nao wana dubwana lao lililomeza watu wote, Kholumolumo, na kijana aliyelipasua.

Samaki wa Kijapani hahitaji kuulizwa jina. Unamjua kwa kuliwa naye. Anaruka kwa desturi yake, na mchezaji akishaliwa mara kadhaa anaanza kuihesabu desturi hiyo. Masala Kulangwa hujifunza kwa kuua asiye mkosaji; mchezaji hujifunza kwa kufa mwenyewe. Sijui ni shule ipi yenye huruma zaidi. Panzi angekuwa na maoni yake.

Tofauti kubwa zaidi, kwangu, ni asili ya adui. Shing'weng'we na samaki wanatokea tu, hawana mwenyewe. Nunda ana mwenyewe: ni paka wa sultani. Alipokula kuku, walalamikaji waliambiwa paka ni wa sultani na kuku ni wa sultani; akahamia kwa mbuzi na ng'ombe, jibu likabaki hilohilo, mpaka akawala wana wa sultani mwenyewe. Hayo ni maneno ya mji wenye ngome na watumwa, na msimulizi wa Unguja alijua vema analosema.

Halafu kuna tumbo. Usukumani, Shing'weng'we anapopasuliwa, watu wanatoka hai, lakini kisu kinamkata sikio bibi kizee mmoja. Badala ya kushukuru anakasirika, anataka kumroga mwokozi wake, na Masala Kulangwa inambidi amtafutie dawa kabla ya kutawala. Naipenda sehemu hiyo kuliko ushindi wenyewe. Kwenye gemu huyo bibi hayupo, maana ukiliwa unaanza upya na samaki naye anaanza upya, njaa yake ileile.

Nilimsimulia bibi wa Tabora jambo hilo. Hakunijibu mimi, alimgeukia mjukuu, ambaye tayari alikuwa ameirudia pedi.

"Na wenzako aliowameza jana, umewatoa?"

"Bibi, mle ndani hamna mtu."

Akapepeta ungo mara mbili. "Umechungulia?"