Devki Steel Mills

Devki Steel Mills ni kampuni ya chuma ya Kenya yenye kiwanda Athi River, jirani na mji wa Kitengela uliopo Kaunti ya Kajiado. Ilianzishwa mwaka 1986 na Narendra Raval, mzaliwa wa Gujarat, India, aliyewahi kuhudumu katika hekalu la Kihindu mjini Kisumu kabla ya kuuza vifaa vya ujenzi Gikomba, Nairobi.

Bidhaa zake ni pamoja na nondo, misumari, seng'enge na mabomba ya chuma. Bomba la kuchomelewa hutokana na bati nene lililoviringwa: hukatwa vipande virefu, hupitishwa kwenye magurudumu yanayolikunja hadi kingo zikutane, kisha kingo hizo huunganishwa kwa joto la umeme. Kwa kawaida bomba hukatwa kwa urefu wa mita 6. Mafundi wa kuchomelea hulitumia kutengeneza mageti, madirisha na vitanda.

Kundi la Devki pia linamiliki National Cement, watengenezaji wa saruji ya Simba. Mwaka 2018 kiwanda chake cha klinka, malighafi kuu ya saruji, kilizinduliwa Merrueshi, Kajiado, na mwaka 2019 kundi likanunua mali za ARM Cement nchini Kenya. Wakati wa janga la korona, mwaka 2021, Devki ilizipa hospitali oksijeni bila malipo kutoka mitambo inayohudumia viwanda vyake vya chuma.