Mbegu za saladi zilizokataa kuota

Vijana wenzangu, msimu uliopita tulipanda saladi nyuma ya nyumba hapa kambini. Mama alisema tuzifukie chini kabisa, kuku wasije wakachakura. Wiki mbili, kimya. Jirani akasema mbegu za msaada ni mbovu siku zote. Mimi nikaenda kumfokea dada wa shirika aliyetugawia. Baadaye nikaanza kusoma, na kumbe habari ya mbegu na mwanga ni ya zamani.

Mwaka 1800, huko Uingereza, William Herschel aligundua miali ya joto isiyoonekana, iliyo nje ya rangi nyekundu ya upinde wa mvua. Mwaka 1801 Mjerumani Johann Wilhelm Ritter akajiuliza: na upande wa pili je, kupita urujuani? Akaweka hapo karatasi yenye chumvi ya fedha, mahali macho hayaoni kitu. Ikageuka nyeusi haraka kuliko kwingine. Ndiyo miali ya urujuanimno.

Mwaka 1877 Waingereza Downes na Blunt walionyesha kwamba mwanga wa jua unaua bakteria. Zilipokuja taa za zebaki zinazotoa urujuanimno mkali, watafiti wakaanza kumulika mbegu kabla ya kupanda. Kipimo kidogo hupunguza kuvu kwenye ganda, na mbegu za mazao fulani huota vizuri zaidi. Kipimo kikizidi, kiini kinaumia. Ni kama dawa tu. Taa hizo pia zinaunguza macho na ngozi, kwa hiyo tusizichezee. Na kuanika mbegu juani siyo kitu kimoja na hicho, maana ile miali mikali kabisa huzuiwa na ozoni huko juu.

Ila jibu langu nililikuta Beltsville, Marekani. Mwaka 1952 Harry Borthwick, Sterling Hendricks na wenzao wa Wizara ya Kilimo walilowesha mbegu za saladi, wakazimulika mwanga mwekundu: zikaota. Wakazimulika wekundu wa mbali, ule ambao macho yetu karibu hayauoni: zikagoma. Wakabadilishana hivyo mara nyingi, na kila mara mwanga wa mwisho ndio ulioamua.

Sababu inaeleweka. Mbegu ya saladi ni ndogo, akiba yake ya chakula haitoshi kupanda kutoka chini sana. Kwa hiyo aina nyingine za saladi zikiwa gizani husubiri. Hazijafa. Mahindi na maharage yana akiba kubwa, ndiyo maana tunayafukia bila shida.

Tulirudia. Safari hii tulinyunyiza mbegu juu, udongo kiduchu tu, matawi ya miiba kuzuia kuku. Siku ya tano zikaanza kuchungulia. Mbegu zilitoka kwenye pakiti ileile.

Nikarudi kwa yule dada, nikamwomba msamaha. Alicheka, akasema hata yeye hakujua. Sasa tunajua wote, na ninyi pia. Kabla hujasema mbegu ni mbovu, angalia umeifukia wapi.